Simu Inadhani Anayetazama ni Mama

Ndugu wazazi na walezi, walimu wetu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Nawashukuru hasa akina baba mliokuja, maana mada hii ya watoto na simu huachiwa mama peke yake, kana kwamba yeye ndiye aliyeileta simu duniani.

Sitaanza na utandawazi, mmeshausikia vya kutosha. Maadili nayo yamesemwa msikitini, yamesemwa kanisani, na hakuna mzazi humu ndani asiyejua kwamba mtoto hapaswi kuona uchi wala watu wakikatana mapanga. Kibaya tunakijua. Kinachotushinda ni njia kinayopitia. Kinamfikia mtoto kwenye simu yetu wenyewe, kwa akaunti yetu wenyewe, sisi tukiwa hatua tatu kutoka pale alipokaa.

Tuchukue asubuhi ya Jumamosi. Mama yuko jikoni anakaanga maandazi. Mtoto wa miaka 3 amekaa mkekani, simu imeegeshwa kwenye kopo la sukari. Mama amemwekea wimbo wa herufi, dakika 4, wimbo mzuri hauna neno. Wimbo unakwisha. Zinapita sekunde chache, unaanza mwingine ambao hakuna aliyeuchagua. Wa tatu ni magari ya rangi rangi. Wa nne ni mikono ya mtu mzima inapasua mayai ya plastiki yenye vitu vya kuchezea ndani. Wa sita au wa saba ni katuni ile ile anayoipenda mtoto, sura ile ile, gauni lile lile, ila safari hii mhusika amefungwa kamba kitandani, anadungwa sindano, analia. Na muziki unaopigwa nyuma bado ni ule ule wa kitoto. Mama anageuza maandazi, anasikia kinanda cha kitoto, moyo unatulia.

Nawaomba mlishike hapo, kwa sababu kila mara napewa jibu lile lile: "Mimi namsikiliza anachotazama." Huwezi kusikiliza picha. Watengenezaji wa video hizo wanajua mzazi yuko chumba cha pili akitegemea masikio, kwa hiyo sauti wanaiacha safi. Uchafu wote uko kwenye kioo.

Na msidhani natia chumvi. Mwaka 2017 jambo hili lilipigiwa kelele dunia nzima hadi likapewa jina, Elsagate, kwa sababu wahusika maarufu wa katuni, Elsa na Spider-Man miongoni mwao, walikuwa wakitumika katika video za kutisha na za aibu zilizopambwa kama za watoto. Mwezi Novemba mwaka huo YouTube ilifuta video zaidi ya 150,000. Laki moja na nusu! Na hazikuwa zimejificha pembeni. Zilikuwa zinakuja zenyewe baada ya wimbo wa herufi.

Sasa mtu ataniambia: lakini hayo si yalirekebishwa? Ndiyo, na hapa ndipo penye hoja yangu yote, nayo nimeirudia kila nilipopewa nafasi. Septemba 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Kuanzia Januari 2020, video iliyowekewa alama kwamba ni ya watoto haina sehemu ya maoni, wala haiwekewi matangazo yanayofuata tabia za mtazamaji. Agosti 2021 wakatangaza kwamba ile tabia ya video kujicheza zenyewe itakuwa imezimwa tangu mwanzo kwa akaunti za vijana wa miaka 13 hadi 17, na pia katika programu yao ya watoto, YouTube Kids.

Tazameni vizuri. Kampuni yenyewe, kwa hiari yake, imekubali kwamba kujicheza si jambo la kumwachia mtoto. Imelizima. Imelizima kwa nani? Kwa akaunti inayojulikana kuwa ni ya mtoto. Simu iliyoko kwenye kopo la sukari ina akaunti ya mama aliyezaliwa mwaka 1992. Mashine haimwoni aliyekaa mkekani. Inachojua ni kwamba kuna mwanamke mwenye umri wa miaka 30 na kitu, ambaye asubuhi hupenda nyimbo za herufi na usiku hutazama umbea wa wasanii, ajali za barabarani na filamu za mapigano. Inamhudumia kwa bidii mtu huyo mmoja. Kwa hiyo kinga zote zilizowekewa akaunti za watoto zinapita juu ya kichwa cha mtoto wako, kwa sababu umemkalisha kwenye kiti cha mtu mzima.

Na ile alama ya "video ya watoto" nayo, anayetakiwa kuiweka kwanza ni mwenye chaneli mwenyewe. Kampuni hukagua kwa mashine na kusahihisha baadaye. Mtu mwenye nia mbaya hataijaza fomu kwa uaminifu, hilo halihitaji elimu ya kompyuta.

Wapo wanaosema serikali ifunge. Nawaheshimu, lakini angalieni Australia. Walitunga sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, inawazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa, YouTube ikiwemo. Akaunti! Mtoto wa miaka 4 hana akaunti, na YouTube inatazamika hata bila kuingia kwenye akaunti. Sheria kali kama ile bado haimfikii mtoto wa mkekani. Na hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilishasema zamani kwamba ni wajibu wa mzazi kumkinga mtoto na hatari za kimwili na za kimaadili. Haikusema kampuni. Haikusema dada wa kazi. Imesema mzazi.

Na nikimtaja dada, tusimwonee. Unamwachia mtoto, nguo za kufua, chakula cha mchana, na simu isiyo na kizuizi chochote, halafu jioni unamgombeza kwamba mtoto ameona mambo. Mwachie simu iliyotayarishwa. Kuitayarisha ni kazi yako, na inachukua robo saa.

Haya, toeni simu. Natoa kwanza njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haitaki bando, haitaki programu mpya, na inafanya kazi hata kwenye simu ya bei ndogo. Ni hii: video chache zilizokwisha kupakuliwa, data imezimwa, simu imebanwa kwenye programu moja, mtoto asiweze kutoka humo.

Chagua video tano au sita ambazo wewe mwenyewe umezitazama kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Si dakika moja ya mwanzo, kwa sababu zipo zilizochomekewa ubaya katikati kwa kusudi. Za Kiswahili zipo nzuri, Ubongo wa Dar es Salaam wamekuwa wakitengeneza vipindi vya watoto kwa miaka mingi sasa. Ziweke kwenye memori kadi, katika folda moja. Usiogope kwamba mtoto atachoka na video sita. Wewe ndiye utakayechoka. Mtoto mdogo hupenda kurudia, na kwa kurudia ndipo maneno yanapomkaa.

Kisha zima data, na Wi-Fi kama ipo. Laini iache ikiwa hewani ili mteja wako akupate.

Kisha ibane. Kwenye Android fungua Mipangilio, ingia Usalama, tafuta maandishi ya kubandika programu, au kwa simu iliyo kwa Kiingereza, App pinning. Simu zinatofautiana, kwa hiyo usipoliona andika "pin" kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio. Liwashe. Chini yake kuna mstari wa pili unaosema iulizwe PIN kabla ya kubandua. Huo ndio wengi wanauruka, halafu wananilaumu kwamba njia haifanyi kazi. Usipouwasha, mtoto atabonyeza hovyo hovyo na ndani ya dakika mbili yuko nje. Ukishamaliza, fungua video, fungua orodha ya programu ulizotumia karibuni, gusa alama ndogo ya programu iliyo juu ya kadi yake, chagua Bandika. Kuitoa, shikilia kwa pamoja kitufe cha kurudi nyuma na kile cha programu za karibuni. Kwa simu zisizo na vitufe, telezesha kidole kutoka chini kwenda juu na ushikilie. Itadai PIN.

Na PIN iwe tarakimu. Ile michoro ya kuunganisha nukta mtoto wa miaka 4 anaikariri kwa kukutazama mara mbili, na mafuta ya kidole yanaacha njia nzima kwenye kioo, iinamishe simu kwenye mwanga uone. Na alama ya kidole ya mzazi aliyelala nayo hutumika, watoto wanajua kidole ni kipi.

Anayelazimika kumpa YouTube yenye intaneti, afanye haya walau. Video ikiwa inacheza, gusa kioo, utaona juu kiswichi kidogo chenye alama ya kucheza na kusimama. Hicho ndicho cha kujicheza, kizime. Kisha gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio ya jumla, washa Restricted Mode. Lakini msikabidhi roho zenu hapo. Ni kichujio kinachosoma vichwa vya habari, maelezo na alama za umri, na YouTube wenyewe wanasema ubora wake hautakuwa sawa kila mahali kwa sababu ya tofauti za tamaduni. Tena ni cha kifaa kimoja kimoja. Ukikiwasha kwenye simu yako, televisheni ya sebuleni na simu ya baba bado ziko wazi.

Kila Ijumaa fungua historia ya video zilizotazamwa, na usitazame ya mwisho tu. Rudi nyuma hadi uikute ya kwanza ambayo wewe hukuiweka. Hapo ndipo mlango ulipo. Gusa vile vinukta vitatu pembeni ya video za chaneli hiyo zinapojitokeza, uiambie isikuletee tena, halafu zifute zote za mnyororo ule kwenye historia. Usipozifuta, kesho mashine itaendelea kudhani mama amezipenda.

Jambo jingine ambalo naona mmelisahau kabisa, na kwangu ni zito kuliko hata YouTube, ni WhatsApp. Kikundi cha harusi, kikundi cha mtaa, kikundi cha kazini. Mtu anatupia video ya ajali, maiti barabarani, au uchafu ambao hata kuutaja hapa siwezi. Wewe hujaifungua. Simu imeshaipakua na kuiweka kwenye galari, jirani na picha ya kuzaliwa ya mtoto. Mtoto anaingia galari kutafuta picha yake mwenyewe, na anachokutana nacho kimeletwa na mtu mnayemheshimu. Hapo hakuna kampuni ya kulaumu. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, zima kuonekana kwa picha na video kwenye galari. Kisha sehemu ya hifadhi na data, kwenye upakuaji wa moja kwa moja, ondoa alama zote, za data na za Wi-Fi. Na zile za zamani hazijifuti, inabidi uzifute kwa mkono.

Naona msimamizi anaonyesha saa, basi yaliyobaki nayapitisha haraka. Muda wa kutazama: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019, mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, wa mwaka 1 vilevile, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Saa 1 kwa siku nzima, televisheni ikihesabiwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 hujifunza neno kwa urahisi zaidi kwa mtu anayemwangalia machoni kuliko kwa kioo, kwa hiyo aliyeniuliza kama video zitamfundisha kuongea mapema, jibu ni hapana. Ongea naye unapomwogesha. Wakati wa kula simu ikae mbali, na saa moja kabla ya kulala vilevile. Na usiinyakue katikati ya video, mwambie "hii ikiisha, basi," na ikiisha iwe basi kweli.

YouTube Kids, kwa mwenye nafasi kwenye simu: badala ya kuchagua kundi la umri, chagua ile hali ya mzazi kuidhinisha mwenyewe, mtoto ataona ulivyoidhinisha tu, wala hawezi kutafuta. Ina saa ya kuhesabu dakika, ikifika inajifunga. Kufuli lake hufunguliwa kwa swali la kuzidisha, kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la tatu aweke namba yake ya siri, kwa sababu saba mara nane mwalimu ameshamfundisha.

Michezo yenye watu wasiojulikana wanaoongea na watoto, na sisi wenyewe kuweka picha za watoto wetu kwenye status, hayo nilikuwa nimeyaandaa ila muda hautoshi leo. Wenye Tecno, Infinix na Samsung ambao hamjaliona neno la kubandika, njooni hapa mbele na simu zenu kabla ya chai. Kila mmoja atabandika na kubandua mwenyewe, mbele yangu, mara mbili.