Ghorofa Kwenye Mitaa ya Nyumba za Chini

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo ni fleti za kumiliki zinazoota kwa kasi kwenye miji ya pembezoni mwa majiji makubwa. Mtaa umezoea nyumba moja moja na uwanja wake, mara jengo la ghorofa 20 hilo. Kaka Idrisa, unalionaje?

IDRISA: Urefu haunitishi, dada Zawadi. Mimi nauliza limejengwa wapi. Tazama Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Treni ilipangwa ipite katikati ya barabara kuu ya magari. Viongozi wa kaunti wakashikilia ipite chini ya mtaa wa biashara uliokuwa umeanza kudorora. Stesheni tano, Rosslyn hadi Ballston. Majengo marefu yakawekwa jirani na stesheni, kisha urefu unashuka hatua kwa hatua mpaka kwenye nyumba za kawaida.

ZAWADI: Kwa hiyo mtu akishuka kwenye treni anatembea hadi kwake.

IDRISA: Dakika chache tu. Njia ilifika Ballston mwaka 1979, na wakazi wameongezeka sana bila barabara kufurika magari kama ilivyohofiwa. Lipeleke jengo hilohilo mahali pasipo na basi wala duka, kila fleti italeta gari lake barabarani, pengine mawili.

ZAWADI: Nakubali. Ila mikutano ya wananchi huishia kwenye foleni na kivuli cha jengo. Mimi linaloninyima usingizi ni hili: nani atalitunza likifika miaka 40?

IDRISA: Unaifikiria Surfside.

ZAWADI: Ndiyo. Juni 24, 2021, karibu na Miami, jimbo la Florida. Jengo la ghorofa 12, usiku watu wamelala, sehemu kubwa ikaporomoka. Watu 98 walifariki, Mungu awarehemu. Mwaka 2018 mhandisi alishaandika kwamba sakafu ya pale kwenye bwawa la kuogelea ilijengwa bapa, haina mwinamo wa kutoa maji, na zege la chini yake limeharibika vibaya. Maji yakituama yanapenya hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, inapasua zege. Wamiliki wa fleti wakabishana kuhusu gharama za matengenezo. Walipopitisha, ni dola milioni 15, na hata mwenye fleti ndogo alitakiwa kutoa kama dola 80,000.

IDRISA: Mstaafu atazitoa wapi?

ZAWADI: Ndiyo maana ilitakiwa kuchangwa kidogo kidogo tangu mwanzo. Florida ilibadili sheria mwaka 2022: majengo ya aina hiyo ya ghorofa tatu na zaidi lazima yakaguliwe yakizeeka, na yaweke akiba ya matengenezo makubwa.

IDRISA: Na tangazo la fleti hujisifia ada ndogo ya mwezi, ile wamiliki wanayochangia kulitunza jengo.

ZAWADI: Ada ndogo mno inanitia hofu kuliko kubwa! Kabla hujaweka saini, omba mihtasari ya vikao vya wamiliki, ripoti ya mwisho ya mhandisi na salio la mfuko wa matengenezo. Kisha shuka kwenye maegesho ya chini, utazame dari: michirizi ya maji, madoa ya kutu, zege lililobanduka.

IDRISA: Na jengo jipya, ambalo halina hata kikao kimoja?

ZAWADI: Soma bajeti ya mwaka wa kwanza aliyoandaa mjenzi. Ukikuta fungu la akiba ni dogo, muulize lifti zitakuja kubadilishwa kwa fedha za nani.