Majina kwanza, mnara baadaye

Wazee wangu, shikamooni. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia kwa sababu bado halijafanyiwa kazi. Kabla hamjamwita mchora ramani wa mnara wa kumbukumbu, kabla hamjabishana marumaru au shaba, kaeni na wafiwa muwaulize majina.

Mama yangu mdogo alimzika mwanawe kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kule Moshi. Siku ya kuchukua msalaba kwa fundi nilimsindikiza. Kazi ilikuwa safi, rangi nyeusi imekolea, ila kwenye lile jina la Kichaga fundi aliruka N moja. Mama akaweka kidole palipokosekana herufi, asikitoe. Fundi akasema, "Mama, mbona linasomeka?" Akamjibu, "Linasomeka, lakini si la mwanangu." Tulikaa pale kwenye vumbi la saruji mpaka saa kumi na moja jioni, likaandikwa upya. Kila nikiona jiwe la kumbukumbu lenye jina la mgeni rasmi kwa herufi za shubiri, na chini yake "marehemu wote", nakikumbuka kile kidole.

Mtaniambia: sisi tunazika nyumbani, majina yako makaburini, ya nini tena mjini? Sikilizeni. Kaburini mtu amelala na babu zake. Lakini alikufa na wenzake, nao wamelala kwingine. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni kule Karatu, walifariki watu 35. Waulizeni watu hapa Arusha, wengi watawaambia "watoto 32". Walimu wawili na dereva wanadondoka kila tunapohesabu! Tuliwaaga pamoja Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kisha kila familia ikashika njia yake na jeneza lake. Wakutane wapi tena, kama si kwenye jiwe lenye majina yote 35?

Na ubishi huu si wa kwetu peke yetu. New York, wafiwa wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001 walivutana na waandaaji kwa miaka. Mpango wa kwanza ulikuwa majina yachanganywe tu. Familia zikakataa. Mwishowe zikaulizwa: mtu wenu akae karibu na nani? Yakaja maombi zaidi ya 1,200. Leo majina 2,983 yamechongwa kwenye shaba kuzunguka mabwawa mawili, rafiki kando ya rafiki, ndugu kando ya ndugu. Msiniambie haiwezekani kwa majina 35.

Nilitaka nizungumzie eneo pia, na fedha za rambirambi, lakini mwenyekiti ananionesha saa. Eneo tuliache. La fedha nasema moja tu: hesabu isomwe mbele ya wafiwa, kwa sauti.

Daftari liko pale mlangoni, na kalamu. Aliyefiwa aandike jina kamili la mtu wake, na lile aliloitwa nyumbani. Tafadhali msiandikiane. Asiyeona vizuri asaidiwe, kisha asomewe herufi moja moja.