Bibi wa Hanoi na korosho za Newala

Wapendwa wa nyumbani, habari zenu. Wakubwa zangu, shikamooni. Baba, najua huko Newala unaniangalia kwa simu ya dada. Bando lake ni la Halotel, na Halotel ni ya Viettel, kampuni ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hii niliyopo, Vietnam. Sogea karibu, leo nitafika hadi kwenye korosho.

Nianze na bibi mwenye nyumba ninayopanga hapa Hanoi. Mimi namwita "bà", yaani bibi, naye ananiita "cháu", mjukuu. Kivietinamu hakina "wewe" moja ya kumwambia kila mtu. Ndiyo maana siku ya kwanza tu watakuuliza umri, wajue wakuite mdogo wangu, kaka au baba mdogo. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo, jambo hilo sikulishangaa.

Juzi jioni tulikaa kibarazani akanisimulia enzi za "bao cấp", enzi za mgao. Mchele kwa daftari. Nyama kwa kuponi, kitambaa kwa kuponi. Alfajiri mtu anakwenda dukani, anaweka tofali lenye jina lake kwenye foleni, anarudi nyumbani. Mpaka leo mtu akinuna wanasema ana uso wa aliyepoteza daftari la mchele. Ndugu zangu, nilinyamaza. Mama amenisimulia hayohayo ya kwetu: foleni ya sukari na sabuni, mawe yamepangwa chini kushika nafasi za watu.

Na mwaka wa kugeuka ni uleule! Desemba 1986 mkutano mkuu wa sita wa Chama cha Kikomunisti ulipitisha Đổi Mới, mageuzi, mwaka ambao bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 700. Kwetu, 1986 hiyohiyo, Mzee Mwinyi alikuwa anafungua milango ya biashara.

Wenzetu walikazia shamba. Mwaka 1988 kaya zikakabidhiwa mashamba yaliyokuwa ya ushirika, zilime zenyewe na ziuze ziada. Mwaka uliofuata, nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja. Ardhi yenyewe hadi leo ni mali ya umma, mwananchi ana haki ya kuitumia. Hapo hatupishani sana.

Wiki iliyopita nikashuka kusini hadi Bình Phước, eneo la korosho, ambalo tangu Julai 2025 limeunganishwa na Đồng Nai walipopunguza mikoa na majiji yao kutoka 63 hadi 34. Nikaingia kiwandani. Mashine za kubangulia zimetengenezwa hukuhuku Vietnam. Kina mama wamekaa safu ndefu, vidole vinakimbia, wanatenga nzima na vipande. Pembeni magunia ya korosho ghafi yamefika darini. Nikauliza, zimetoka wapi? Kambodia, Ivory Coast, Tanzania.

Baba, nilishika moja nikainusa. Nikakuona unapuliza salfa, dawa ya mikorosho, asubuhi na mapema, umejifunga kitambaa puani.

Hawa nao mwishoni mwa miaka ya 80 walikuwa wakiwauzia India korosho ghafi, kama sisi. Mwaka 2006 wakaipita India kwa kuuza nje zilizobanguliwa. Sisi viwanda tulijenga miaka ya 70, vingi vikaishia kuwa maghala. Hili linaniuma, wala sitalificha.

Ila sitawapambia nchi ya watu. Chama ni kimoja, upinzani haupo kwenye karatasi ya kura, na anayekikosoa waziwazi anaweza kufungwa. Hata vita dhidi ya rushwa vya Nguyễn Phú Trọng, katibu mkuu aliyefariki Julai 2024, walivyoviita tanuru linalowaka, viliendeshwa na chama chenyewe dhidi ya watu wake. Marais wawili walijiuzulu, 2023 na 2024. Asije mtu akaniambia ukimya huo ndio uliobangua korosho. Zimebanguliwa na wale kina mama, na mafundi waliokaa na vyuma mpaka mashine ikakubali.

Jumamosi ijayo naenda kwenye karakana ya mmoja wa mafundi hao. Viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, niandikieni mnataka nimuulize nini: bei ya mashine, umeme inaokula, vipuri. Nitauliza yote mbele ya kamera.

Na baba, bibi ananiuliza una mikorosho mingapi. Nimemwambia nitakuuliza. Nipigie usiku wa huku.