Samaki Anaangalia Wapi?

SALIM: Karibuni tena. Salim hapa, na Neema yupo. Leo tumepanga hitilafu tano unazoweza kuziona kwenye pikipiki ya mwenzako, na namna ya kumwambia kila moja: tairi, taa ya breki, stendi, mzigo, cheni. Naanza na ya mwisho, maana Jumanne nilikuwa nyuma ya mtu ambaye cheni yake imening'inia mpaka inagonga ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Tak, tak, tak, kila akiachia mafuta.

NEEMA: Ukamwambia?

SALIM: Nilimfuata nikisubiri taa nyekundu. Kabla hatujazifikia, akakata kushoto akaenda zake.

NEEMA: Salim! Hata honi?

SALIM: Sikupiga, na nina sababu.

NEEMA: Tutaifikia hiyo sababu, na nakuambia mapema siikubali. Kwanza waeleze wasikilizaji cheni inatakiwa icheze kiasi gani.

SALIM: Pikipiki nyingi za barabarani zinataka icheze kati ya milimita 20 na 35. Unaisukuma juu na chini kwa kidole, ule upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Kipimo cha pikipiki yako kipo kwenye kitabu chake, au kwenye stika iliyobandikwa karibu na gurudumu la nyuma. Usiamini jicho.

NEEMA: Na usipime sehemu moja ukaridhika. Cheni hailiki sawasawa. Zungusha gurudumu kidogo kidogo, pima sehemu nne au tano, tafuta pale ilipokaza zaidi, hapo ndipo pa kurekebishia. Ukirekebisha pale palipolegea, ukifika palipokaza itakuwa kama waya wa gitaa.

SALIM: Na iliyokaza sana nayo ni hatari. Ukikaa, shokapu zinashuka, gurudumu la nyuma linapanda, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka. Ndiyo maana inaachiwa ule mchezo. Ukiunyima, cheni inavuta beringi ya sproketi ya mbele mpaka inaiua, au inakatika yenyewe.

NEEMA: Iliyolegea ndiyo inayoniogopesha mimi. Inaruka meno. Ikitoka vizuri, inaanguka barabarani, injini inalia bila kuvuta kitu. Ikitoka vibaya, inajisokota kwenye sproketi ya nyuma na gurudumu linakwama pale pale. Au inajikusanya mbele, inapasua kava la injini, oili inamwagika mbele ya tairi lako mwenyewe. Sasa mtu anaibeba hiyo, na wewe unasubiri taa.

SALIM: Nasubiri taa, ndiyo.

NEEMA: Na klipu yake? Ulimwona samaki?

SALIM: Kwa mwendo ule huwezi kumwona samaki.

NEEMA: Wanaotufuata wanamjua, ila kuna wageni. Cheni nyingi za pikipiki ndogo zinaungwa kwa kiungo chenye klipu, kibati chembamba chenye umbo la samaki. Upande uliofungwa ni kichwa, upande ulio wazi ni mkia. Samaki anaogelea kuelekea cheni inakokwenda. Kichwa mbele, mkia nyuma. Klipu ikigusana na kitu, kava la cheni au jiwe, inasukumwa kichwani na kubaki mahali pake. Ukimgeuza, mkia ndio unaotangulia, kitu kinaingia kwenye ule uwazi na kumng'oa.

SALIM: Hapo ongeza jambo moja, kwa sababu ndipo watu wanapoonyana vibaya. Samaki anatazama mbele ya pikipiki akiwa upande wa juu wa cheni tu. Upande wa chini, cheni inarudi nyuma, kwa hiyo hata samaki aliyewekwa sawa atatazama nyuma. Mtu anachungulia pikipiki ya mwenzake imeegeshwa, samaki yuko chini, kichwa kinaelekea nyuma, anaita: "Ndugu, klipu yako imegeuzwa!" Mwenyewe anaogopa, anachukua koleo, anamgeuza. Sasa ndiyo imegeuzwa kweli.

NEEMA: Sawa kabisa. Kabla hujasema, zungusha gurudumu mpaka samaki aje juu. Na omba ruhusa kwanza, pikipiki ni ya mtu.

SALIM: Au mwambie mwenyewe azungushe, mkatazame pamoja.

NEEMA: Na akiwa hayupo kabisa samaki, kiungo kimebaki na pini na kibati cha pembeni tu?

SALIM: Hapo pikipiki haiondoki. Kile kibati kinateleza taratibu kuelekea nje, siku moja kinadondoka.

NEEMA: Basi turudi barabarani. Yule wako wa Jumanne huenda hakuwa na samaki. Hukujua. Na ulichokiona kilitosha.

SALIM: Nilichokiona kilitosha kumwambia akisimama. Tazama hesabu: kwenye kilomita 60 kwa saa, anakwenda kama mita 17 kila sekunde. Nikipiga honi, anageuza shingo. Sekunde mbili, mita 34 hatazami mbele. Nikimwonyesha chini, anainama kuitazama cheni. Au anashtuka na kuachia mafuta ghafla, na cheni iliyolegea inapenda kuruka hapo hapo, mvutano unapobadilika.

NEEMA: Hiyo ya kuachia mafuta nakupa. Lakini ataachia tu mwenyewe, mbele kuna kona, kuna tuta. Tofauti ni kwamba akiwa ameonywa anajua. Unapiga honi mara mbili fupi, unabaki nyuma yake, kwenye kioo chake. Akikutazama, unashusha kiganja polepole mara kadhaa, punguza mwendo, halafu unaonyesha pembeni ya barabara. Humwonyeshi cheni. Hapo bado hana haja ya kujua ni nini.

SALIM: Anamwona mtu asiyemjua anamfuata na kumwonyesha pembeni. Wengi watavuta mafuta wakimbie.

NEEMA: Wengine watasimama.

SALIM: Na anayekimbia anakimbia na cheni ile ile, kwa mwendo mkubwa zaidi. Nimemwongezea hatari mimi.

NEEMA: Na aliyekata kushoto Jumanne umempunguzia nini?

SALIM: Hakuna. Lakini sikumwongezea.

NEEMA: Sikubali, Salim. Kunyamaza nako kuna uzito wake. Kama ni taa ya breki haiwaki, sawa, subiri mpaka asimame, mara nyingi ni swichi ya pedali au balbu. Cheni inayogonga chuma haisubiri.

SALIM: Kwa stendi iliyobaki chini ningepiga honi, kwa sababu kona ya kwanza ya upande ule itamwangusha, na kuirudisha ni kazi ya kisigino, hahitaji kutazama. Kwa mzigo unaofunguka pia, kamba ikiingia kwenye spoki imekwisha. Kwa cheni, hapana.

NEEMA: Cheni ni mbaya kuliko stendi!

SALIM: Ni mbaya kuliko stendi, na hawezi kuirekebisha akiwa juu ya pikipiki. Ndiyo hoja yangu.

NEEMA: Anaweza kusimama. Ndiyo yangu.

SALIM: Dakika zimetuishia, na tairi hatujaligusa.

NEEMA: Wala taa, wala mzigo tulivyopanga. Basi niseme hili tu kwa anayekwenda kukaza cheni leo: legeza nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma kwanza, zungusha skrubu za kurekebishia za kushoto na kulia kwa kiasi sawa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, alama za pande zote mbili zilingane, kaza nati, halafu pima tena, maana kukaza nati kunaivuta cheni kidogo. Pini ya nati iliyokunjwa, weka mpya.

SALIM: Na klipu ikitoka usiirudishe, imeshapanuka. Chukua kiungo kipya cha namba ile ile ya cheni, 428 kwa 428.

NEEMA: Kichwa mbele.

SALIM: Akiwa juu.