Kivuli Kwanza: Njia za Miguu na Baiskeli Dar

ASHA: Haya, karibuni. Leo ni zamu ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kaka Baraka, usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza 2016, Kimara mpaka Kivukoni, pembeni yake kulijengwa njia zao kabisa. Jiji likapata hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018.

BARAKA: Na ilistahili, dada. Kabla ya hapo nani alimfikiria muuza mkaa na baiskeli yake? Ila pita Magomeni saa saba mchana. Njia ipo, jua linachoma, watu wamejibana ukutani wakifuata kivuli cha bati la duka. Ya baiskeli imegeuka maegesho ya bodaboda.

ASHA: Nao wanafuata abiria, na abiria wako kituoni.

BARAKA: Basi wachorewe kijiwe chao tangu mwanzo. Ukimsahau mtu kwenye mchoro atajitafutia nafasi mwenyewe, na atakayenyang'anywa ni mwenye baiskeli.

ASHA: Sasa nenda Mtaa wa Shaaban Robert, kule Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea. Saa saba hiyohiyo unatembea bila haraka, kwa sababu ya ile miti mikubwa. Mimi nasema mti uhesabiwe kwenye bajeti ya barabara kama lami na mtaro, pamoja na mshahara wa atakayeumwagilia. Tunapanda siku ya uzinduzi kwa vifijo, kiangazi kikifika miche imekauka.

BARAKA: Na mizizi ipewe nafasi. Ukimwaga zege mpaka shinani, maji hayaingii, mizizi inapanda juu, vigae vinabinuka. Mwenye kiti cha magurudumu ndiyo basi tena, hapiti.

ASHA: Kigali wao?

BARAKA: 2015 walifunga barabara moja ya katikati ya jiji, magari yasipite. Baadaye wakaipa miti, viti na njia ya baiskeli. Leo inaitwa Imbuga City Walk. Halafu kuna Nyandungu, bonde la kinamasi lililokuwa limeharibika. Wakalifufua, na tangu 2022 watu wanatembea na kuendesha baiskeli humo.

ASHA: Nikisikia hivyo naiwaza Jangwani yetu, kwenye bonde la Mto Msimbazi, panapofurika mvua zikija. Mradi wa Bonde la Msimbazi una daraja jipya na bustani ya jiji. Maji yaachiwe bonde lao, na sisi tupate njia.

BARAKA: Nitakachoangalia kwanza ni milango. Mlango mkuu ukiwa wa wenye magari, mtoto wa pale mtaani Kigogo, pembeni ya bonde, ataizunguka bustani nzima kwa mguu. Nataka aingilie kwao, avuke kuelekea Kariakoo kivulini, asikutane na gari hata moja.

ASHA: Na taa, kaka. Kuna akina mama wanarudi usiku na mabeseni yao ya biashara. Taa zifungwe chini ya matawi; zikiwa ndefu kama za barabara kuu, miti ikishakua mwanga wote unaishia kwenye majani.