Kidonge cha Thairoidi Hakipendi Wenzake

Ndugu zangu wauguzi, nanyi mnaotumia dawa za thairoidi, asanteni. Tezi ya thairoidi ni nini na inakaa wapi, sitaanzia huko. Nimekuja na neno langu lilelile, na waliokwisha kulisikia wanivumilie: kipimo cha damu cha TSH kikipanda, yaani homoni ya thairoidi haitoshi mwilini, msikimbilie kuongeza dozi. Mwambieni mgonjwa amwage mfuko wake wa dawa mezani. Wote! Pamoja na vile alivyonunua dukani bila cheti.

Chukueni bahasha mbili za dawa za mama mjamzito. Ya kwanza ni levothairoksini, kidonge cha homoni kwa mtu ambaye thairoidi yake haitoi ya kutosha, mikrogramu 100, imeandikwa 1×1, yaani kimoja mara moja kwa siku. Ya pili ni vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, nayo imeandikwa 1×1. Sasa mama wa watu afanye nini? Anavimeza vyote viwili asubuhi, kwa chai ya maziwa. Amefuata cheti, hana kosa.

Lakini fanyeni hesabu. Mikrogramu 100 ni sehemu moja ya kumi ya miligramu. Kile cha damu kina madini ya chuma kama miligramu 60, yaani mara 600 ya mwenzake. Vikikutana tumboni, chuma kinaing'ang'ania homoni, na kilichoshikana hivyo hakipenyi ukuta wa utumbo. Safari yake inaishia chooni. Na hata kidonge cha thairoidi kikimezwa peke yake, tumbo likiwa tupu, kinachoingia mwilini ni asilimia 60 hadi 80 tu. Haya yanatokea wakati gani? Wakati wa ujauzito, ambapo mahitaji ya homoni yanapanda tangu wiki za mwanzo na dozi kwa kawaida inabidi iongezwe kwa robo hivi au zaidi. Mtoto naye miezi hiyo anategemea homoni ya mama. Tunaongeza kwa mkono huu, tunafuta kwa mkono ule, halafu tunamuuliza mama kama kweli anameza dawa!

Andikeni saa, si 1×1. Levothairoksini saa 12 asubuhi, kwa maji matupu. Chai isubiri nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Maziwa yana kalsiamu, na kahawa nayo inazuia. Cha damu kisimezwe kabla ya saa 4 asubuhi, na kikisogezwa hadi saa 8 mchana ni bora zaidi. Muda wa saa nne katikati ya dawa hizi mbili, hiyo ndiyo kanuni. Vidonge vya kalsiamu ni vivyo hivyo, na vile vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, vyenye magnesiamu na aluminiamu, ambavyo watu wanavitafuna kama pipi na hawavihesabu kuwa dawa.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mbona fulani anavimeza pamoja, na TSH yake ni nzuri?" Ni nzuri kwa sababu dozi ilishapandishwa kufidia kinachopotea. Siku vidonge vya damu vikiisha, dozi yote inaingia: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji. Mwingine atasema asubuhi hana nafasi, anaamka na watoto na jiko. Haya, ameze usiku anapolala, ukipita muda wa saa tatu au zaidi baada ya chakula. Ila achague moja. Leo asubuhi kesho usiku, hapana.

Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ni hadithi nyingine. Hapo kutenganisha saa hakusaidii, maana asidi inapungua mchana kutwa na kidonge cha thairoidi kinahitaji asidi ili kiyeyuke. Mgonjwa akiianza au akiiacha, TSH ipimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Si baada ya wiki mbili! Levothairoksini inachukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kipimo cha mapema ni hela ya bure.

Naona naonyeshwa saa, basi nakimbia. Rifampisini ya TB, na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, zinalifanya ini liimalize homoni haraka: dozi huenda ikapanda wakati wa matibabu, na msisahau kuishusha yakiisha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kudai nyongeza. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni kinyume: thairoidi ikikaa sawa, dozi ileile ya warfarini inakuwa kali zaidi na mtu anaweza kutoka damu, kwa hiyo INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ifuatwe kwa karibu. Mwenye kisukari sukari yake inaweza kupanda. Amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, siigusi leo, ina siku yake.

Na wanaomeza biotini, vitamini ya nywele na kucha: kipimo kinaweza kudanganya, TSH ikasoma chini na T4, homoni yenyewe ya thairoidi, ikasoma juu, dozi ikapunguzwa bila sababu. Iachwe angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Haya, nani ana swali?