Waliotutoka Shuleni: Namna ya Kumkumbuka Mwalimu na Mwanafunzi

Mhadhara uliotolewa Iringa mbele ya walimu wa malezi, matroni na patroni wa mabweni, na wajumbe wa bodi za shule

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, kamwene.

Nimeombwa nizungumze juu ya shule iliyofiwa na mwalimu kipenzi na mwanafunzi ndani ya muhula mmoja. Msiba wa namna hii nchi yetu inaufahamu. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni kule Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, na taifa zima likalia nao. Lakini misiba mingi ya shule haifiki kwenye taarifa ya habari. Mwalimu wa Hisabati anafia wodini, binti wa Kidato cha Pili anapata ajali akiwa likizo, na Jumatatu kengele inagongwa kama kawaida.

Hapa Iringa tunajua kumbukumbu hudumu kwa njia gani. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa 1898, fuvu lake likarejeshwa kutoka Ujerumani 1954, na hadi leo pale Kalenga ipo nyumba ya makumbusho, upo mlango, na yupo mtu anayeshika funguo. Shuleni ni vivyo hivyo. Kila jambo nitakalolitaja leo liandikieni jina la mtu atakayelishika, maana msiba ukishakuwa wa shule nzima, kila mmoja hudhani mwenzake anashughulikia.

Tuanze na saa za kwanza. Mkuu wa shule azungumze na familia yenyewe kabla ya kutangaza chochote, athibitishe jina, aulize familia inaridhia nini kisemwe kuhusu chanzo cha kifo. Hapo ndipo wengi huteleza: mzazi mmoja anaandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mdogo wake marehemu, aliye darasa la pili hapo hapo shuleni, anaambiwa na mwenzake chooni. Kama marehemu ana ndugu shuleni, huyo aitwe kwanza, faragha, akiwa na mwalimu anayemzoea, na asiachwe peke yake mpaka mtu wa kwao afike.

Halafu tangazo. Wengi wetu hukimbilia paredi. Ningeshauri madarasa yaambiwe kwa wakati mmoja, kila darasa na mwalimu wake, wote wakisoma maneno yale yale yaliyoandikwa kwenye karatasi. Paredini watoto 600 wakianza kulia kwa pamoja, huwezi kujua nani kaanguka kwa majonzi na nani kaanguka kwa hofu. Neno liwe “amefariki”. Kwa watoto wa madarasa ya chini msiseme “amelala” wala “amesafiri”, kwa sababu mtoto wa miaka mitano au sita bado anaamini aliyekufa anaweza kurudi. Akiambiwa mwalimu amelala, atamsubiri aamke, na usiku yeye mwenyewe ataogopa kulala.

Siku hiyo hiyo mhasibu apewe kazi moja ndogo ambayo karibu kila shule huisahau: aiondoe namba ya mzazi wa marehemu kwenye orodha ya ujumbe wa ada. Hakuna jeraha baya kama mama aliyetoka kuzika juzi kupokea ujumbe kwamba mwanawe anadaiwa awamu ya pili. Orodha za kompyuta hazijui kufiwa. Januari jina litajitokeza tena kwenye orodha ya kidato kinachofuata, kwa hiyo anayetunza orodha alitafute kila mahali lilipo: ada, bweni, chakula, vitabu. Kwenye daftari la mahudhurio msilifute wala kulipaka wino. Andikeni “amefariki” na tarehe mbele ya jina, na kesho yake mwalimu wa darasa aende mwenyewe kuita majina, asimwachie kiranja.

Sasa nikae kidogo kwenye vitu alivyoacha, kwani hapa ndipo familia huipima shule.

Mwanafunzi wa bweni ameacha kitanda, tranka, shuka, blanketi la baridi yetu hii, ndoo, na pengine sweta aliloazimwa na mwenzake. Matroni afungue tranka mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao mwalimu, waandike kila kitu, wote watatu wasaini. Nguo zisifuliwe. Mnaona mnasaidia, lakini mama wengi wanataka lile shati na harufu ya mtoto. Kama lina damu, liwekwe mfuko wa peke yake na baba aambiwe pembeni. Baada ya tranka, mtu mmoja azunguke ofisi ya walimu kukusanya madaftari yake: lipo la Jiografia kwenye rundo linalosubiri kusahihishwa, lipo la Kiswahili ndani ya droo, na mara nyingi lipo moja kwa rafiki aliyeazima kunakili. Yasahihishwe kama kawaida kabla ya kukabidhiwa, pamoja na tarehe na saini ya mwalimu. Mzazi hufungua ukurasa wa mwisho kwanza.

Kitanda na dawati visiondolewe usiku ule. Waacheni watoto wa chumba kile walale wawili wawili jirani au wahamie kwa muda wakitaka, na baada ya wiki moja au mbili mwalimu wa malezi akae nao waamue pamoja. Dawati likiondolewa kimyakimya watoto wakiwa chakula cha mchana, wakirudi watajifunza kwamba hapa mtu hufutwa.

Mwalimu naye ameacha rundo la madaftari ya wengine. Usiwarudishie wanafunzi yakiwa nusu yana wino mwekundu wa marehemu na nusu matupu bila kusema neno. Mwalimu anayepokea somo ayamalizie, asiguse alama zilizowekwa, na chini ya kila alichosahihisha aandike herufi za jina lake. Kipindi cha kwanza asianze mada mpya. Afungue azimio la kazi, aangalie marehemu aliishia wapi, aanzie pale pale, na awaambie wanafunzi anafanya hivyo kwa sababu gani. Hayo ndiyo maombolezo ya darasa, na kwa mwalimu aliyependwa sidhani kama kuna heshima kubwa kuliko somo lake kuendelea bila kukatika.

Familia ya mwalimu ina mzigo wa karatasi. Shule iwaandalie bahasha: nakala ya barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, hati ya mshahara ya mwisho. Kwa mtumishi wa umma, mwajiri ndiye hugharamia jeneza na kusafirisha mwili, kwa hiyo taarifa ifike halmashauri mapema. Ukoo utakaa kikao na kuandika muhtasari, msimamizi wa mirathi atateuliwa Mahakama ya Mwanzo, na cheti cha kifo kitahitajika kabla ya madai ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Mwalimu mmoja anayeijua njia hiyo amsindikize mjane. Wajane wengi wa walimu huchakaa barabarani kwa kukosa karatasi moja.

Rambirambi. Daftari liwe moja na mtunzaji mmoja, pesa isichanganywe na ya shule hata kwa usiku mmoja, na mwanafunzi asilazimishwe kiwango. Akikosekana kiongozi, makundi mawili huchanga kwa wakati mmoja na maneno huanza kabla ya arobaini. Kwenda mazikoni nako kunahitaji ruhusa ya wazazi kwa maandishi, basi lenye kiti kwa kila mtoto, na kurudi kabla ya giza. Anayeijua barabara ya mlima Kitonga na kona zake, au njia za vijijini Rungwe wakati wa mvua, hahitaji maelezo zaidi.

Ibada au hafla ya kumbukumbu shuleni isifanyike wiki ile ya msiba. Subirini familia zimalize matanga, ziulizwe, zikubali. Saa moja inatosha. Mkiwakumbuka wote wawili siku moja, angalieni mizani: mwalimu ana miaka 20 ya wanafunzi wenye la kusema, mtoto ana marafiki wa darasa moja tu, na bila kupanga atatajwa mwishoni kama nyongeza. Mpeni mtoto nafasi ya kwanza. Rafiki zake wasome mistari mitano waliyoandika na mwalimu wa malezi akaipitia. Kama kifo kilikuwa cha kujiua, kumbukumbu iwepo kwa heshima ile ile, ila namna alivyokufa isielezwe, wala isifanywe ionekane kama njia ya kupata pumziko. Na namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure, ibandikwe mabwenini.

Kila shule hunijia na wazo la mti. Ni zuri, lakini mti hufa. Ukiwa umeandikwa jina la mtoto kisha ukakauka Agosti, mama yake akija ataona amezikwa mara ya pili. Pandeni mitatu au minne mahali pamoja, na jina lipewe mahali pale, lisipewe mti mmoja mmoja. Pandeni mvua zikishashika, Desemba, ili mizizi ipate miezi minne au mitano kabla ya kiangazi. Kwa parachichi la kubebeshwa, chimbeni shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu wekeni kando, uchanganyeni na debe moja la samadi iliyooza vizuri; samadi mbichi huunguza mizizi. Kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo. Matandazo yasiguse shina. Maji yakituama, parachichi huoza mizizi, kwa hiyo msichague bonde, na kwa Makete na baadhi ya sehemu za Njombe barafu ya alfajiri ya Juni na Julai huunguza miche michanga, basi iezekeni nyasi. Kiangazi chote ndoo moja ya lita 20 kwa mti kila wiki. Mkaratusi msipande karibu na kisima. Uzio dhidi ya mbuzi ujengwe siku ile ile ya kupanda, maana wageni wakiondoka hakuna atakayerudi kuujenga.

Tuzo ya somo la marehemu mwalimu msiiahidi kuwa ya milele. Ahidini miaka mitano, fedha yake ikiwa tayari mkononi.

Mtihani wa taifa ukifika, namba ya mtoto aliyekwisha kusajiliwa bado itakuwepo, na kiti chake kitabaki wazi chumbani. Waambieni wenzake siku moja kabla, wasikutane nacho asubuhi ya karatasi ya kwanza. Matokeo yakitoka namba hiyo itaonekana na alama ya kutofanya mtihani, na mzazi aambiwe mapema hilo pia. Kwa mahafali, mpigieni wiki tatu kabla, muulize kama angependa jina lisomwe na kama atakuja. Akikataa, isiwe neno. Mwakani muulizeni tena.

Na kwa kuwa wakuu wa shule huhamishwa, haya yote yaingie kwenye hati ya makabidhiano: miti iko wapi, nani humwagilia, tuzo imebakiza miaka mingapi, na namba za simu za familia zote mbili. Anayehama ampigie kila mzazi, amtambulishe mkuu mpya kwa jina, ndipo asaini.